Debe la asali ni kilo ngapi?

Wiki hii nimeshinda na risiti za asali za mjomba, nikakumbuka neno gumu la mshkaji wangu wa kompyuta: ontolojia.

Kiurahisi, unaiandikia kompyuta ramani ya mambo. Debe ni kipimo cha ujazo, lita 20. Asali ni bidhaa. Bidhaa ina muuzaji, mnunuzi na bei. Mkataba na risiti vinahusu mzigo uleule. Ukishaipa ramani hiyo inakusomea makaratasi hata mia na kukuonyesha yasiyopatana. Tangu 2004 kuna hata lugha rasmi ya kuandikia ramani hizo, inaitwa OWL.

Sasa cheki Tabora yetu. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe na vipimo vyake: frasila ya pembe kama kilo 16, shuka mikono minne, doti shuka mbili. Kitambaa chenyewe kiliitwa merikani, maana kilitoka Marekani. Kompyuta isiyo na ramani ikikuta "merikani doti kumi" itadhani ni habari za nchi! Karani wa zamani alikuwa na ramani yote kichwani.

Turudi kwa mjomba. Mkataba unasema bei ni kwa kilo. Risiti za mnunuzi (simtaji) zinahesabu debe moja kilo 20. Jamani, asali si maji! Lita moja inakaribia kilo 1.4, kwa hiyo debe lililojaa ni kama kilo 28. Kilo 8 zinayeyuka kila debe, na mjomba aliuza madebe 30. Kilo 240! Ada yangu ya muhula imo humo humo. Na ukisoma karatasi moja moja huoni tatizo. Mpaka uziweke pamoja, na ujue debe ni nini na asali ni nini.

Ila mshkaji anaposema mashine itamaliza kila kitu, hapo tunabishana. Nani ataiambia lumbesa ni nini? Gunia limeandikwa moja, juu lina kilima cha gunia jingine. Lazima mtu akae na wakulima na warina asali awaulize maneno yao kwanza.

Jumamosi naenda kijijini na mzani wa kuazima. Mjomba ameshatenga debe moja, halijafunguliwa.