Mzigo na Mbebaji

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama begani mwa mwingine huuona mwepesi, maadamu shingo inayoumia si yake. Methali hii hutajwa aghalabu katika mijadala ya utu na ujirani. Hata hivyo, inasadifu pia jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawana mazoea ya kulijadili, nalo ni umeme ndani ya kompyuta.

Kila kompyuta ya kawaida ya mezani ina kasha la chuma ambalo mafundi huliita pawasaplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni wa volti 240, na kuugeuza kutoka mkondo geu hadi mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani ile inayochora picha kiwamboni, hutegemea hasa njia ya volti 12. Kasha hili halisifiwi na wauzaji wala haliulizwi na wanunuzi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa akitafiti fasihi simulizi. Kompyuta yake ilikuwa mtumba uliowahi kutumika ofisini. Humo alikuwa amehifadhi saa nyingi za video za bibi mmoja wa Lamu akighani tenzi. Bibi mwenyewe alikuwa ameshaaga dunia. Kuzihariri video hizo kulikwenda mwendo wa kobe, ilhali tarehe ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa ikibisha hodi. Mwanafunzi akanuia kununua kadi ya GeForce RTX 3060, iliyoingia sokoni mwaka wa 2021. Muuzaji mmoja jijini Nairobi alimpigia hesabu papo hapo: kasha ni la wati 300, kadi inakula wati 170, prosesa 65, na diski, feni na vinginevyo wati 50. Jumla ni 285.

"Inatosha, ndugu yangu," akamwambia. "Hata zinabaki 15."

Hesabu hiyo haikuwa na dosari ya kujumlisha. Dosari yake ilikuwa ya usomaji. Mwanafunzi, ambaye alikuwa amefunzwa kwamba matini haihukumiwi kwa anwani yake pekee, alirudi chumbani, akaifungua kompyuta, akaimulika lebo ya kasha kwa tochi ya simu. Chini ya tarakimu kubwa ya 300 palikuwa na jedwali dogo, na katika safu ya volti 12 paliandikwa ampea 18. Volti zikizidishwa kwa ampea huzaa wati. Kwa hiyo 12 mara 18 ni 216. Kumbe zile wati 300 zilikuwa jumla ya njia zote, zikiwemo za volti 5 na 3.3 ambazo kadi hiyo haizihitaji sana. Mzigo wa wati 285, ambao sehemu yake kubwa mno huelekea njia ya volti 12, ungetuliwa juu ya bega la wati 216.

Fauka ya hayo, kulikuwa na suala la plagi. Nafasi ambamo kadi huchomekwa hutoa wati zisizozidi 75. Kinachopungua hupitia waya wa ziada, na plagi ya pini 8 hukadiriwa kupitisha wati 150. Kasha lile halikuwa na plagi ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa amependekeza adapta ya kuunganisha plagi za diski. Adapta hubadilisha umbo la plagi. Haiongezi hata wati moja. Kukosekana kwa plagi kulikuwa ujumbe kutoka kwa aliyeliunda kasha, kwamba hakulikusudia kwa mzigo kama huo.

Isitoshe, kadi haili umeme kwa kipimo kimoja. Kuna nukta ambapo matumizi huruka ghafla kupita kiwango kilichotangazwa. Kasha nalo huzeeka: kapasita zake hudhoofishwa na joto la miaka. Ndiyo maana kampuni ya Nvidia hupendekeza kasha la wati 550 kwa kadi hii ya wati 170. Kasha zuri likielemewa hujizima. Lililo hafifu laweza kuharibika na kuharibu vilivyounganishwa nalo, diski ikiwa miongoni mwavyo.

Kompyuta huweza kununuliwa tena, lakini sauti ya marehemu hainunuliki. Kwa hiyo, kabla ya kugusa skrubu yoyote, mwanafunzi alizinakili video zote katika diski mbili za nje, moja akaipeleka kwa msimamizi wake. Kisha akachunguza plagi ya ubao mkuu na vipimo vya kasha, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi zisizolingana na za kawaida. Zake zililingana. Fedha zake hazikutosha vitu viwili. Angeweza kununua kadi ndogo, mathalani GeForce GTX 1650 ya mwaka wa 2019, ambayo kipimo chake ni wati 75. Jumla ingekuwa 190, chini ya 216. Lakini hakupenda kuliamini kasha kuukuu kwa tofauti ya wati 26.

Alinunua kasha jipya la wati 550 na kuiacha kadi dukani. Muhula mzima uliofuata aliendelea kuhariri kwa mwendo ule ule wa kobe, akingoja fedha nyingine. Wenzake waliocheka kwamba amenunua kitu kisichoonekana hawakukosea. Hakuna hata picha moja iliyong'aa zaidi. Ila kila usiku bibi wa Lamu alighani hadi beti ya mwisho, na mashine haikuzimika. Mbebaji alikuwa amepatikana; mzigo ungekuja kwa wakati wake.