Gimbali ya Binti Yetu

Binti mmoja wa kwaya yetu hapa Kiomboi hupiga video za harusi, na kazi hiyo ndiyo inayowanunulia wadogo zake sare na madaftari. Majuzi alinijia kifundo cha mkono kimevimba. Kamera yake huikalisha juu ya gimbali, kishikio chenye mota tatu kinachozuia picha kutikisika.

Akina mama tulichanga tumnunulie nyingine. Wengi walitaka kubwa, eti ina hadhi! Nilikataa. DJI Ronin-S ya mwaka 2018 ina zaidi ya kilo 1.8, RS 3 Mini ya 2023 haifiki kilo 1, nayo hubeba kilo 2. Kamera yake na lenzi ni kilo moja tu. Tumeagiza ndogo. Jumamosi hii atapiga kaka yake, kifundo kipumzike.