Mama wa Bunyore Aenda Mombasa Kukiona Chumba cha Mumewe

Katika nyumba nyingi za upande wa Magharibi ya Kenya mna sanduku la bati, limewekwa chini ya kitanda cha mama mzee. Zamani sanduku hilo lilisafiri kwa gari la moshi kutoka bara hadi pwani. Lilirudi na mwenyewe mara moja kwa mwaka, wakati wa livu, na siku alipoacha kazi likarudi lisiondoke tena. Ndani yake mna barua, vyeti vya kazi, na pengine kofia iliyofifia rangi. Sanduku la namna hiyo ndilo lililoanzisha safari hii.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018, mama mmoja wa Bunyore, mwenye umri upatao miaka 80, alikuwa akifuta vumbi sanduku la mumewe aliyefariki mwaka 1991. Mwanawe, mtu wa makamo mwenye miaka 52, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amekuja nyumbani kwa mazishi ya jirani. Kabla ya kuondoka alimwuliza mama yake kama kuna kitu anachokihitaji. Mama hakuomba blanketi wala sukari. Alisema, "Mwanangu, nataka kuiona Mombasa. Baba yako alikaa huko miaka 25, nami sikupata kukiona hata kizingiti cha mlango wake."

Maneno hayo yalimchoma yule mwana, kwa kuwa hayakuwa mapya masikioni mwake. Alipokuwa mtoto aliyasikia kila mwaka baba alipokuja likizo. Mama alikuwa akiuliza, "Utanichukua lini?" Baba akajibu, "Mwaka ujao." Mwaka ujao ulifika na jibu likawa lile lile. Wanawake wenziwe mtoni walimwambia mama kwamba mtu asiyemchukua mkewe pwani, basi huko pwani yuko mwingine anayempikia. Mama hakuyaamini yote, lakini hakuweza kuyatupa yote. Naye mzee akafa bila kulifafanua jambo lile.

SAFARI YA ZAMANI NA YA SASA

Marehemu aliondoka Bunyore mwaka 1954, angali kijana. Siku zile mtu wa huko alikwenda kwa miguu hadi stesheni ya Luanda, katika njia ndogo ya reli itokayo Kisumu kwenda Butere. Toka Kisumu alipanda tena kwenda Nakuru, kisha Nairobi, kisha Mombasa. Reli hiyo kubwa ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ikaligusa ziwa huko Kisumu. Msafiri wa daraja la tatu alikaa juu ya benchi la mbao, sanduku lake miguuni, na chakula alichofungiwa nyumbani kikiwa kimeisha kabla ya nusu ya njia.

Mwezi wa Desemba mwaka 2018 watu sita walifunga safari: mama mzee, mwanawe, mkewe huyo mwana, na watoto wao watatu. Kutoka Bunyore hadi Nairobi mama alikuja kwa basi. Kutoka Nairobi wote walipanda gari la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, mwaka ule ule ambao gari la zamani la abiria kati ya miji hiyo miwili liliacha kwenda. Gari la zamani lilikuwa likilala njiani usiku kucha, na katika miaka yake ya mwisho liliweza kuchelewa hata jua la siku ya pili likawa kali. Hili jipya lilitoka asubuhi na mchana likawa limefika.

Mama aliketi dirishani. Watoto walidhani atashangaa kama mgeni, lakini yeye alikuwa akitafuta majina aliyoyasikia kwa mumewe karibu na moto: Sultan Hamud, Makindu, Mtito Andei, Tsavo, Voi, Mackinnon Road, Mazeras. Aliyajua kwa utaratibu wake, moja baada ya jingine, kama mtoto ajuavyo hesabu ya kuzidisha. Stesheni nyingi za zamani gari jipya halisimami, nayo reli yake imeinuliwa juu ya tuta refu na madaraja ili wanyama wapate kupita chini. Hapa na pale reli ya zamani ilionekana kando, nyembamba. Mama akaitazama hiyo zaidi kuliko alivyowatazama wanyama.

Walipofika Tsavo, tembo walikuwa wamesimama mbali, wekundu kwa udongo wa huko. Mama akawasimulia wajukuu habari za simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, kama alivyosimuliwa na babu yao. Mjukuu wa kiume akasema, "Nyanya, simba hao wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Tulifundishwa shuleni." Mama akacheka, akasema, "Kumbe hata simba wa Tsavo wamesafiri kunipita mimi!"

KATIKA MTAA WA MAJENGO

Gari lilifika Miritini mchana, na joto la pwani likawapokea mlangoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Kutoka hapo walipita Changamwe, wakavuka Makupa, mahali pale bara inaposhikana na kisiwa, wakaingia mjini. Siku hiyo mama alipumzika. Asubuhi yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akasema, "Sasa twendeni."

Mwana alikuwa na bahasha moja iliyotoka katika sanduku. Nyuma yake palikuwa na jina la mwenye nyumba na la mtaa wa Majengo. Aliuliza kwa kinyozi, hakujua. Aliuliza kwa fundi wa nguo, naye akamwelekeza kwa wazee waliokuwa wakicheza bao kibarazani. Mzee mmoja aliposikia jina la mwenye nyumba alisimamisha mchezo, akasema kwamba mwenye nyumba alikwisha kufa zamani, ila binti yake yuko, akamtuma mtoto awapeleke.

Nyumba zile za Majengo kila mkazi wa Mombasa anazijua. Mbele mna baraza ya kukalia, katikati mna ukumbi mrefu, na kila upande wa ukumbi vyumba vitatu. Nyuma ni ua, penye jiko, kisima au mfereji, na choo cha wote. Hapo kwanza kuta zilikuwa za miti na udongo na paa la makuti. Nyumba hiyo sasa ilikuwa imeezekwa mabati, nayo imebanwa na maghorofa pande mbili, lakini umbo lake lilikuwa lile lile.

"Hodi hapa!"

"Hodi, karibuni. Piteni ndani."

Mwenyeji wao alikuwa bibi aliyepita miaka 70, amejifunga leso. Alipoelezwa habari, alimshika mama mkono akamkalisha mkekani, wala hakuuliza neno mpaka wageni wote walipokunywa maji. Kisha akasema, "Watu wa bandarini nawakumbuka. Mimi nilikuwa msichana, ndiye niliyewapokea pesa za kodi wakati baba hayupo. Chumba chao ni kile cha tatu, mkono wa kushoto. Walikuwa wanne."

"Wanne katika chumba kimoja?" mwana akauliza.

"Wanne, na vitanda viwili. Wawili wakienda kazi ya usiku, wawili huja kulala. Kitanda hakikupata kupoa. Baba yako alikuwa ndiye msomaji wao. Barua zikija kutoka bara, wote humkalia pale barazani awasomee."

Mama aliinamisha uso. Halafu akauliza swali alilolibeba miaka mingi. "Dada, na mwanamke je? Hakuwapo mwanamke aliyempikia?"

Yule bibi hakucheka wala hakukasirika. Akajibu, "Dada yangu, mimi sikuzijua siri zake zote, naye si ndugu yangu. Lakini katika chumba kile, mwanamke angelala wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Nakumbuka neno moja. Mwaka mmoja alikuja kwa baba akauliza kodi ya chumba cha peke yake. Alisema mkewe anataka kuja. Baba akamtajia. Akasimama akahesabu vidole, akasema atarudi. Hakurudi kuuliza tena."

MSHAHARA WA MTU MMOJA

Ili jambo hili lieleweke vyema, yafaa kukumbuka jinsi kazi ilivyokuwa. Kwa miaka mingi ya utawala wa Kiingereza, mshahara wa Mwafrika mjini ulipangwa kana kwamba hana mke wala mtoto, nao jamaa zake watakula shambani. Kamati ya Serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake aliitwa Carpenter, ilikiri jambo hilo katika taarifa yake ya mwaka 1954. Ikashauri kwamba mishahara iongezwe kidogo kidogo mpaka mtu aweze kukaa na jamaa yake. Mwaka uliofuata, 1955, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, naye Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kuwasemea, wakapata nyongeza.

Nyongeza ilisaidia, lakini mambo hayakugeuka kwa siku moja. Kazi ya kuli ilikuwa kazi ya mgongo. Makontena yalikuwa hayajatawala bandari, na magunia ya kahawa, saruji na nafaka yalihitaji mikono ya watu, kuyapanga ndani ya meli na kuyatoa. Na kila mwisho wa mwezi pesa ile ile iligawanywa mafungu: kodi, chakula, na hawala ya posta kwenda Bunyore.

Katika Bunyore ile hawala ilikuwa karo. Ndugu watatu wakubwa wa yule mwana walisoma shule ya sekondari kwa pesa hizo. Akisimama katika ukumbi wa nyumba ya Majengo, mwana alianza kuhesabu miaka, akaona kwamba baba yao alikuwa na njia mbili tu, kulipa chumba au kulipa shule. Alichagua shule, kisha akaona aibu kumwambia mkewe kwamba mtu wa Mombasa mwenye suti ya livu hana mahali pa kumlaza. Akasema, "Mwaka ujao."

Mpangaji wa siku hiyo katika chumba cha tatu alikuwa kijana auzaye vifaa vya simu. Aliwakaribisha kwa adabu, akatoka nje ili mama apate nafasi. Mama akaingia peke yake. Alinyosha mikono, akapima kutoka ukutani hadi ukutani, akagusa mahali kitanda kilipokuwa. Alipotoka alisema maneno machache tu: "Nilimlaumu bure katika hili. Naye angaliniambia."

Kisha akafungua mkoba wake akatoa mfuko wa njugu alizozilima mwenyewe Bunyore. Alipoondoka nyumbani hakujua atampa nani. Akampa yule bibi, naye bibi akamfungia mahamri katika gazeti. Wakaagana kama watu waliojuana tangu zamani.

JIONI KANDO YA BAHARI

Jioni jamaa wote walikwenda kukaa chini ya mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, pale meli zinapopita karibu na nchi kavu kuingia Kilindini. Jina hilo maana yake ni mahali pa kina kirefu, na ndicho kina kilichoileta bandari, na bandari ikawaleta watu wa bara. Walikunywa madafu, watoto wakala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Meli moja kubwa ilipita imebeba makontena, imerefuka kuliko uwanja wa shule, na juu yake hakuonekana mtu ila wawili au watatu.

Mjukuu mdogo akauliza, "Nyanya, kwa nini Babu hakukupigia simu akakueleza?"

"Simu aitoe wapi? Ilikuwa barua, nayo mimi nilisomewa na mtoto wa jirani. Mambo ya mtu na mkewe utayaandikaje yasomwe na mtoto?"

Wote wakacheka, isipokuwa baba yao. Yeye alikuwa akifikiri habari zake mwenyewe. Tangu pesa zilipoanza kutumwa kwa simu nchini Kenya, mwaka 2007, hakupata kumkosesha mama yake hata mwezi mmoja. Alijihesabu kuwa mwana mwema. Lakini alipokumbuka safari zake za nyumbani katika miaka mitano, aliona kwamba karibu zote zilikuwa za mazishi. Baba yake alizuiwa na chumba, na nauli, na livu moja kwa mwaka. Yeye hakuzuiwa na kitu.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Wako watu wengi wa makamo ambao wazazi wao wangali hai na masanduku yao yangali chini ya vitanda. Wanajua mzee alifanya kazi wapi, lakini hawajui alilala wapi, alikula nini, wala ni jambo gani alilolinyamazia. Anayetaka kujua na aulize mapema, maana yule bibi wa Majengo asingalikuwako siku ile, nyumba ingalibaki kuta tupu.

Mama alirudi Bunyore kabla ya Krismasi. Alilivuta lile sanduku la bati, akaweka ndani yake tikiti ya gari la moshi juu ya zile barua, akalifunga. Mwanawe alikuja tena Pasaka ya mwaka 2019, na watoto wake wote. Majirani walipoliona gari lake likiingia uani walitoka nje upesi kuuliza ni nani aliyefariki. Mama akawajibu, "Hakuna aliyekufa. Amekuja kunitazama tu."