Simu zinatoka, hela haionekani

Nilishuka kwenye treni ya umeme Morogoro Jumamosi asubuhi, mawingu yakiwa yamekaa juu ya Uluguru kama kawaida yake. Mpango ulikuwa kupanda Morningside, kula matunda, kisha kurudi Dar Jumapili jioni. Nikaishia kuhesabu simu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana fremu ya simu si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Watu wanaoshuka kutoka Mgeta, Kinole na Matombo wakishauza ndizi na mboga hupita kwake kununua kitochi. Kwa mwezi anauza kama 60.

"Simu zinatoka, mdogo wangu," aliniambia. "Kinachonikwamisha ni mtaji tu."

Alitaka mama mkubwa amchukulie mkopo, dhamana iwe shamba la Mgeta. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo shamba lile ni la ukoo mzima. Mama alikuwa na fomu mkononi, na presha yake naijua.

Mimi huandika habari za afya, lakini nilimwomba dada daftari. (Wazazi mnaoombwa dhamana na watoto wenu, nanyi liombeni.)

Kitochi ananunua Kariakoo kwa shilingi 24,000 na kuuza 26,000, maana jirani naye anauza bei hiyohiyo. Anabakiwa na 2,000. Simu 60 zinampa 120,000, wakati kodi ya fremu peke yake ni 150,000. Bado umeme na nauli za Kariakoo. Simu moja ikirudi imekufa na muuzaji wa jumla akaikataa, faida ya simu 12 imekwenda. Kumbe aliyekuwa akimlisha ni waya wa chaji: ananunua 1,500, anauza 4,000. Waya mmoja unazidi simu nzima, ila hakuwahi kuutazama hivyo kwa sababu hauna shangwe ya kuuza simu.

Nikamsimulia ya wakubwa. Mwaka 2012 Nokia iliuza simu zaidi ya milioni 300 na bado ikapata hasara. 2014 biashara yake ya simu ikaenda kwa Microsoft. Apple mwaka huo wa 2012 iliuza simu chini ya nusu ya hizo, lakini kila moja ilibakiza pesa nyingi. LG nayo ilitangaza 2021 kuacha kabisa simu, baada ya miaka ya hasara.

"Mimi na Nokia wapi na wapi!" dada alicheka. Lakini usiku nilimkuta bado anabonyeza kikokotoo.

Jumapili tulipanda Morningside, yeye akihema na kusimama kila kona, tukipishana na akina mama waliobeba ndizi kichwani kuelekea mjini. Hakuzungumza sana.

Tuliporudi mama mkubwa aliuliza, "Sasa nisaini au nisisaini?"

"Subiri kwanza, mama," alisema dada. Atapunguza vitochi, ajaze nyaya, kava na kadi za kumbukumbu, halafu waangalie daftari baada ya miezi mitatu. Fomu ikawekwa juu ya kabati, chini ya redio.