Barua kutoka Ughaibuni: Reli ya Nachingwea Ijengwe Uani

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa,

Huku Uingereza watu wazima, wengi wao wastaafu, hujenga reli ndogo za modeli katika bustani za nyuma ya nyumba zao, na hawaoni haya. Reli zenyewe mara nyingi huachana kwa milimita 45 tu. Baadhi ya injini huchemsha maji ya kweli kwa gesi, na kabla treni haijapita mwenye nayo huinama kukagua mataruma na kufagia majani. Ni rahisi kuwacheka. Mimi naona mchezo huu ndio njia nafuu tuliyo nayo ya kuirudisha machoni reli iliyong'olewa kwetu, na naona wanaofaa kuijenga ni watu wa huko, si wazee wa huku.

Hesabu yenyewe inatupendelea. Chapa ya LGB ya Nuremberg, Ujerumani, iliyoanza kuuza treni za bustani mwaka 1968, iliiga reli nyembamba za mita moja kwa kugawanya kila kipimo kwa 22.5, na mita moja ikawa karibu milimita 45. Reli ya Nachingwea nayo ilikuwa ya mita moja, kwa hiyo inaingia katika kipimo hicho bila kupindishwa. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita saba na nusu, na mkorosho wa mita kumi unafika sentimita 44. Tatizo ni urefu: kutoka Mtwara hadi Nachingwea ni kama kilomita 200, na ukizigawanya bado utahitaji karibu kilomita tisa za bustani. Hakuna mwenye ua wa namna hiyo. Mjenzi hulazimika kuchagua stesheni moja, daraja moja, kona moja, na katika kuchagua ndipo anapolazimika kusema nini kilikuwa muhimu.

Mnaijua habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika mamilioni ya ekari huko Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili wananchi wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kusini, yaani Nachingwea, ndiko kulikotengewa sehemu kubwa ya ardhi, na ndiko kulikohitaji bandari na reli mpya. Treni zilifika Nachingwea mwaka 1949 zikitokea upande wa Lindi, na Januari 1951 mpango ukatangazwa kufa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli haikuzikwa siku hiyo: iliunganishwa na bandari ya Mtwara mwaka 1954, ikajikongoja hadi 1962, kisha ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Sasa tazameni upande wa pili. Mei 1951, miezi minne tu baada ya tangazo lile, huko Wales watu wa kujitolea waliendesha treni yao ya kwanza kwenye Talyllyn, reli nyembamba ya kubebea mawe ya kuezekea ambayo nayo haikuwa na faida tena. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa kwa namna hiyo, na inatembea hadi leo. Taifa lilelile liliomboleza reli yake ndogo na kuiacha ile ya kwetu ing'olewe. Siwalaumu watu wa Talyllyn. Kila mtu huomboleza cha kwao. Swali ni sisi tulikiombolezaje cha kwetu.

Hapo ndipo linapozuka pingamizi zito: kwa nini tukumbuke reli ya mkoloni kwa mapenzi? Nalikubali nusu. Ukijenga injini inayong'aa, mabehewa masafi na bwana mmoja mwenye kofia ya jua, umejenga tangazo la biashara la mwaka 1949. Lakini modeli haina budi kujazwa. Ukiweka tuta, utaulizwa nani alibeba udongo. Ukiweka tanki, utaulizwa maji yalitoka kijiji gani. Ofisa anayepiga picha huchagua anachotaka kukionyesha. Uwanja wa modeli ukiacha nafasi wazi, nafasi hiyo inaonekana. Na Ruangwa ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Reli haikufika huko. Katika modeli ya haki, ukingo wa ubao ungeonyesha njia ya miguu inayotokea upande wa Ruangwa, na watu wenye mizigo kichwani wakielekea kwenye vyuma ambavyo havikuwekwa kwa ajili yao.

Wengine watasema kusini inahitaji reli ya kweli, ile inayozungumzwa ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, si vikaragosi. Sawa, lakini sioni kimoja kikizuia kingine. Reli ya kwanza ilitegemea zao moja lililopangiwa London, na zao hilo liliposhindwa mabehewa yalikosa mzigo wa kutosha. Leo korosho na ufuta vipo, na vimelimwa na wenyewe. Kijana aliyejenga stesheni ya Nachingwea kwa mikono yake atakuwa na swali la kumuuliza mhandisi: mzigo utatoka wapi, na nani ataulipia?

Gharama? Injini ya mvuke ya bustani ni ghali mno, sitawadanganya. Ila treni si lazima itembee. Mafundi wetu wa magari ya waya hawashindwi na behewa, na mbao zipo, mradi mataruma yapakwe dawa, maana mchwa wa huko hawabagui modeli. Anayetaka kulaza chuma kirefu juani aache nafasi kwenye maungio, la sivyo jua la Oktoba litakipinda.

Kisha ipigwe picha, na simu inatosha. Kamera ishushwe hadi kimo cha yule mtu wa sentimita saba na nusu. Ukipiga kwa juu unapata kitu cha kuchezea, ukipiga kwa chini unapata mahali. Jua la asubuhi hutoa vivuli virefu vinavyosaidia. Vumbi lichekechwe sana, kwa sababu chembe ya kawaida ya mchanga huonekana kama kokoto, na moshi na maji havikubali kupunguzwa hata kidogo, kwa hiyo ni heri kuviepuka. Mtu makini atauliza kama picha nzuri kupita kiasi haitakuja kusambazwa kama ya kale. Itasambazwa. Dawa ni kuandika neno "modeli" na mwaka wa ujenzi ndani ya picha yenyewe, na katika mfululizo kuacha picha moja inayoonyesha mkono wa fundi.

Ombi langu kwa walimu wa sekondari wa Nachingwea na Ruangwa ni hili: kabla ya kununua hata msumari, watumeni wanafunzi kwa wazee wanaoikumbuka stesheni, wakiwa na karatasi ya kuchorea. Waulize mlango ulitazama wapi, abiria walingoja chini ya mti gani, na behewa lilipakiwa upande upi.