Goti Lilipona, Hofu Ikabaki

Katika taifa letu, mwanamichezo akiumia huulizwa swali moja: atarudi lini uwanjani? Ni nadra kusikia mtu akimuuliza anajisikiaje. Mwili wake una daktari, una barafu na bandeji. Moyo wake umeachiwa amri moja tu: jikaze.

Amri hiyo naijua kwa karibu. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilichanika kano ya goti katika mashindano ya vitivo. Baada ya miezi tisa daktari alithibitisha kwamba goti limepona. Nilirejea kikosini, lakini kila beki aliponikaribia mguu wangu ulirudi nyuma kabla sijauamuru. Usiku wa kuamkia mechi sikulala, na asubuhi tumbo lilivurugika. Kocha aliniambia nijikaze kiume. Nilijikaza kwa mechi nne, kisha nikaachana na mpira. Hakuna aliyeniambia kwamba hali ile ina jina na ina namna ya kuikabili.

Wanasaikolojia wa michezo huiita hofu ya kuumia tena. Hawaitibu kwa makaripio. Mchezaji hurudishwa hatua kwa hatua: kwanza hukimbia peke yake, kisha hukabiliana mazoezini na mwenzake anayemwamini, kisha hupewa dakika chache za mechi. Kila hatua humpa ushahidi kwamba kiungo chake kinamudu. Hata kabla ya kusimama, hufundishwa kujenga taswira ya mchezo akilini. Mchecheto wa kabla ya shindano nao hufundishika: kutoa pumzi taratibu, kufuata utaratibu uleule kila mara, na kuelekeza fikra kwenye kitendo kinachofuata badala ya matokeo. Moyo unaodunda kasi si lazima uwe dalili ya woga. Mara nyingi ni mwili unaojiandaa kwa kazi.

Ndugu msomaji, najua utanikumbusha habari za John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico City, alianguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea hadi mwisho. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namheshimu mzee huyo kwa dhati. Ninachokikataa ni sisi kuigeuza hiari ya mtu mmoja kuwa sheria kwa kila kijana anayechechemea.

Tazama mfano wa pili. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles wa Marekani alijitoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili yake ilipoteza hisia ya mahali mwili ulipo hewani. Katika sarakasi za kiwango chake, kosa la aina hiyo laweza kuvunja shingo. Wapo waliomwita mwoga. Mwaka 2024, jijini Paris, alitwaa medali tatu za dhahabu na moja ya fedha.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikwisha kutoa tamko la kitaalamu kuhusu afya ya akili ya wanamichezo mwaka 2019. Hapa kwetu jambo hili lisisubiri fedha za wafadhili. Vyuo vyetu vinafundisha saikolojia. Wahitimu wake wapelekwe kwenye kambi za UMISSETA. Walimu wa michezo wafundishwe kutambua hofu kama wanavyotambua uvimbe. Mikataba ya wachezaji itaje matibabu ya akili pamoja na ya mifupa. Na wewe unayeandaa bajeti ya michezo katika halmashauri yako, unapoandika kifungu cha huduma ya kwanza, jiulize ni nani atakayezungumza na kijana yule bandeji ikishafunguliwa.