Kununua Nyumba katika Mtaa wa Kale

Kila mwaka baadhi yenu huondoka Mpala kwa boti kuelekea Kalemie kutafuta masomo na kazi. Miaka inapita, mnaoa na kuolewa, mnaweka akiba kidogo kidogo, na kisha mnatuletea swali lile lile: je, ni heri kununua nyumba kuukuu katikati ya mji, karibu na reli na bandari, au kununua kiwanja kitupu mbali kule pembezoni na kuanza kujenga? Swali hili ni zito. Fedha inayotolewa ni jasho la miaka kumi au zaidi, na aliyeipoteza mara moja kwa nadra hupata nyingine. Sisi si wanasheria. Ila kazi ya ualimu imetuingiza katika nyumba nyingi, na tumeketi katika mabaraza mengi ya familia ambamo nyumba ilikuwa ikiuzwa au ikigombewa. Tuliyojifunza humo twayaandika hapa.

Tuanze na neno lenyewe, mtaa wa kale. Sisi wa Mpala hatuna haja ya kwenda mbali ili kulielewa. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alifika karibu na mlango wa mto Lufuku, akapatana na chifu Mpala, akajenga boma lake. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, na fuvu la chifu huyo likachukuliwa hadi Ubelgiji. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na kando ya kuta zake wakakaa watu waliokombolewa utumwani, waliotoka makabila mbalimbali na waliokuwa wamepoteza nyumba za baba zao. Basi, mahali pa kale panabeba furaha na damu kwa pamoja. Anayenunua nyumba mahali kama hapo hupokea kuta pamoja na habari za waliotangulia, na asiyetaka kuzisikia habari hizo hukutana nazo baadaye kwa njia nyingine, mara nyingi barazani pa hakimu.

Kalemie nao una historia yake. Wakati wa wakoloni uliitwa Albertville, na jina la leo ulipewa mwaka 1966. Reli iliyotoka Kabalo, yenye urefu wa kilometa 273, ilifika ziwani mwaka 1915, na mji ukakua kando ya stesheni na bandari. Wazungu walikaa upande wao, na wafanyakazi weusi upande wao. Nyumba za matofali ya kuchoma zilizosalia tangu siku hizo bado zinapendwa na watu, na si bila sababu. Kuta zake ni nene, hivyo mchana hazina joto kali. Miti ya maembe iliyopandwa na wengine hutoa kivuli tayari. Tena mama anayeuza dagaa na samaki sokoni aweza kwenda kwa miguu, wala halipi pikipiki asubuhi na jioni. Mtu akihesabu nauli ya mwaka mzima, ataona kwamba kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali si rahisi kama kinavyodhaniwa.

Lakini uzuri wa nyumba hauonyeshi ni ya nani. Hapa inafaa mwelewe jambo moja ambalo wengi hawalijui hata wakiwa wamesoma. Katika nchi yetu, kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali peke yake, wala haiuzwi. Mkongomani aweza kupewa haki ya kuitumia daima, ilhali mgeni hupewa haki ya muda tu. Kwa hiyo anayesema, "Nauza kiwanja changu," kwa kweli auza haki ya kutumia ardhi pamoja na kuta zilizosimama juu yake. Na haki hiyo huthibitika kwa cheti cha kuandikishwa peke yake, kinachotolewa na mtunza hati za ardhi, yule ambaye watu humwita konservateri.

Sasa fikirini mitaa ya zamani. Familia nyingi zingali zinatunza sandukuni kijitabu cha mkaaji kilichotolewa enzi za ukoloni, chenye mhuri na jina la babu. Kijitabu hicho ni kumbukumbu ya heshima, lakini tangu sheria ya 1973 hakimfanyi mtu kuwa mwenye haki ya ardhi. Familia nyingine zina barua tu iliyotiwa sahihi na mkuu wa mtaa, nayo ni ushahidi kwamba majirani wanawajua, basi. Tena kumbukeni kwamba tarehe 30 Novemba 1973 Serikali ya Zaire ilitangaza kwamba mali nyingi za wageni zitatwaliwa na kupewa wananchi. Nchini kote maduka na majengo yalibadilisha mikono kwa haraka, na karatasi hazikufuata mwendo ule. Ndiyo sababu nyumba moja ya zamani yaweza kuwa na watu watatu wanaosema kwa moyo safi kwamba ni yao.

Basi anayetaka kununua asione haya kuuliza. Achukue namba ya cheti, aende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, aombe kuonyeshwa kama jina lililo katika daftari ni jina la muuzaji, na kama nyumba haikuwekwa rehani. Apime kiwanja na kulinganisha vipimo na vile vilivyoandikwa, kwa kuwa ua husogezwa taratibu kila mwaka pasipo mtu kuona. Akishalipa, asilale. Aliyetoa fedha na kuifungia karatasi ya mauzo sandukuni bado hajawa mwenye nyumba mbele ya sheria, mpaka cheti kitolewe kwa jina lake. Tunawajua waliongoja miaka mingi ili kuepuka gharama ya kuandikisha, na muuzaji akafa kabla, nao wakaanza upya na watoto wake.

Hapo twafika penye ugumu ulio mkubwa kuliko karatasi, yaani warithi. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema kwamba watoto wote wa marehemu hupata robo tatu za urithi kwa mafungu yaliyo sawa, wa kiume na wa kike bila kubaguana. Robo inayobaki ni ya mwenzi aliyesalia, wazazi na ndugu za marehemu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimokuwa akiishi na mumewe. Desturi zetu nyingi husema mengine, na mara kwa mara kifungua mimba huuza nyumba kana kwamba alizaliwa peke yake.

Tulipata kuwasindikiza mume na mke vijana waliotaka kununua nyumba ya mfanyakazi wa reli aliyefariki. Mwana wa kwanza alikuwa na cheti halisi kwa jina la baba yake, na bei ilikuwa njema. Alidai nusu ya fedha kabla ya mwisho wa juma, akisema kuna mnunuzi mwingine. Kijana alikuwa tayari. Mkewe ndiye aliyekwenda kuketi na majirani, akaambiwa kwamba marehemu ana binti aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na kwamba katika chumba cha uani anakaa mjane mwenyewe, mzee, ambaye hakuna aliyemwuliza lolote. Tukawashauri wasitoe hata faranga moja mpaka familia yote iketi pamoja. Mwana wa kwanza alikasirika, na kwa miezi saba vijana wetu walidhani wameikosa nyumba. Kijana alitulaumu, naye alikuwa na haki ya kuchoka, kwa maana kodi ya chumba walichopanga ilikuwa ikila akiba yao kila mwezi.

Hatimaye binti alifika kwa boti. Alikubali mauzo na fungu lake, akaomba jambo moja tu: mama asitolewe katika chumba chake mpaka Mungu amwite. Tendo hilo la huruma lilikuwa pia haki ya mjane kisheria. Lakini kulikubali si kitu chepesi kwa watu wawili waliojinyima miaka mingi ili wapate mlango wao wenyewe. Usiku ule walibishana sana. Kesho yake walitia sahihi. Leo wanaishi na bibi ambaye si wa ukoo wao, naye humwagia maji mchicha wake mahali walipotaka kujenga jiko, na kuwakemea watoto kwa sauti ya mwenye nyumba. Kuna siku mke hutuambia, "Mwalimu, tulinunua nyumba au tulinunua mkwe?" Hata hivyo ni bibi huyo aliyewaonyesha mahali ambapo mfereji wa maji ya mvua ulizibwa zamani, na bila neno lake ukuta wa nyuma ungalianguka.

Maji ndiyo jambo jingine linalotaka uangalifu. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaopita Kalemie penyewe. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Cameron aliufikia mwaka 1874, na Stanley alipofika mwaka 1876 maji yalikuwa karibu hayatoki. Kisha, mwaka 1878, ziwa lilifurika na kuuzibua, na katika miaka iliyofuata likashuka kwa kadiri ya meta 10. Mwaka 1964 lilipanda juu sana baada ya mvua nyingi. Na ninyi wenyewe mmeyaona ya mwaka 2021 na ya 2024, maji yakiingia katika nyumba na barabara za Kalemie, kama yalivyoingia Uvira na Bujumbura. Basi msimwamini mtu asemaye kwamba maji hayajapata kufika pale. Waulizeni wazee yalifika wapi mwaka 1964, tazameni alama kwenye kuta za majirani, nendeni kuiona nyumba wakati wa masika. Nyumba inayouzwa kwa bei ya chini mwezi wa Agosti mara nyingine yaeleza sababu yake mwezi wa Aprili.

Tena nyumba ya kale hudai kutunzwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, linalojulikana sana mjini humo, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mafundi wa huko wanajua kwamba ukuta wa mawe na chokaa ukipakwa saruji hufungiwa unyevu ndani, ukaoza polepole. Ni vivyo hivyo kwa matofali yetu ya zamani yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa. Kwa hiyo msitumie akiba yote kununua. Bakizeni fungu kwa ajili ya bati, mbao zilizoliwa na mchwa, na mifereji. Anzeni na paa, rangi itangoja.

Huko Lamu, mji ulioingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, wageni wenye fedha wamenunua nyumba nyingi za kale na kuzitengeneza vizuri. Wenyeji waliouza walipata fedha, lakini watoto wao hawataweza kuzinunua tena kwa bei ya leo. Twalisema hili ili mfikiri juu ya upande wa muuzaji pia. Siku moja baadhi yenu mtarithi nyumba za wazazi wenu, na mtaletewa dola mkononi. Ulizeni kwanza nani anakaa humo, na ataenda wapi. Mpangaji maskini wa chumba cha uani hana jina katika cheti, lakini ana watoto wanaosoma shule ya karibu.

Twawakumbusha habari ya nabii Yeremia, aliyenunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati adui alikuwa ameuzunguka mji. Alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia sahihi, akaagiza hati mbili ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu. Alinunua kwa tumaini, na tumaini hilo halikumfanya aache hata shahidi mmoja. Kwa desturi ya kwetu watu hudhani kwamba anayeomba hati amemdharau ndugu yake. Sisi twaona kinyume. Hati iliyoandikwa vema huwalinda muuzaji, mnunuzi na mjane, na huwazuia watoto wao kuchukiana.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja aende kwanza nyumbani kwao aulize maswali matatu: nyumba yetu imeandikwa kwa jina la nani, cheti kiko wapi, na ni nani wengine wenye fungu ndani yake. Wazee wengine watashtuka kuulizwa, wakidhani mnangoja kifo chao. Waambieni kwa upole kwamba mwauliza wakati wangali hai ili wao wenyewe ndio watoe jibu. Kisha leteni majibu, tuyazungumze pamoja.